Nimeambiwa niweke Mmasai kwenye pakiti ya kahawa ya Mbinga. Naombeni mawazo

#1 | MchoraPakiti, Dar es Salaam

Wakuu, heshima kwenu. Kazi yangu ni kuchora vifungashio: lebo za asali, mifuko ya unga, chupa za pilipili, pakiti za kahawa. Huu ni mwaka wa kumi na moja.

Wiki iliyopita nimepokea kazi ya mteja anayekaanga kahawa na kuipeleka Ulaya. Ni arabika ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Nimeionja, ni kahawa nzuri kwelikweli. Maelekezo yalikuja kwenye simu: rangi ya udongo mwekundu, mti wa mgunga, Mlima Kilimanjaro kwa nyuma, na mbele yake Mmasai ameshika mkuki anatabasamu. Kisha pembeni ya mdomo wake niandike maneno matatu manne ya Kiingereza kilichokosewa kidogo, "ili asikike halisi".

Nikampigia. Nikamwambia kaka, kutoka Mbinga mpaka Kilimanjaro ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Waliolima kahawa hii ni Wamatengo. Hawavai lubega, na Mmasai wa kwenye mchoro huu hajawahi kuchuma hata punje moja ya kahawa hii. Akanijibu kwa upole: "Mdogo wangu, mnunuzi wa kule hamjui Mmatengo. Anamjua Mmasai."

Tangu siku hiyo nimefungua faili mara tano na kulifunga. Picha ya mlima naweza kuivumilia. Yale maneno mdomoni ndiyo yanayonikaba, na sijui kueleza kwa nini. Mwenye kuelewa anieleweshe.

#2 | Dalali_wa_Kariakoo

Mkuu, mimi niko kwenye matangazo mwaka wa ishirini huu. Nakuheshimu, lakini mteja wako ana hoja. Pakiti iko rafuni na nyingine arobaini, mnunuzi anaitazama kwa sekunde mbili. Ndani ya sekunde mbili huwezi kumfundisha jiografia ya Ruvuma. Unampa kitu ambacho tayari kimo kichwani mwake. Hakuna aliyetukanwa hapo, Mmasai ametabasamu, kahawa imenunuliwa, mkulima amelipwa. Chora, chukua hela yako.

#3 | BintiUvira, Lyon

Jambo zenu wote. Mimi ni Mkongomani wa Uvira, naishi Ufaransa. MchoraPakiti, usichore kwanza. Ngoja nikuhadithie habari ya kopo moja.

Kuna kinywaji cha hapa kinaitwa Banania. Ni unga wa kakao, unga wa ndizi, nafaka na sukari, watoto wanakorogewa kwenye maziwa asubuhi. Kilianza mwaka 1912. Mwanzoni kwenye tangazo alikuwepo mwanamke wa visiwa vya Antilles na mikungu ya ndizi. Mwaka 1915, vita kuu imepamba moto, wakamtoa yule mama wakamweka askari mweusi: kofia nyekundu ya tarbushi, ameketi chini, kijiko mkononi, meno yote nje. Ni askari wa kikosi cha tirailleurs sénégalais. Waliitwa Wasenegali, lakini walichukuliwa pia kutoka Mali, Burkina Faso, Guinea na kwingineko Afrika Magharibi. Wapatao 30,000 walikufa kwenye vita ile. Na pembeni ya huyo askari wakaandika: "Y'a bon".

Hayo si maneno ya Kifaransa kilichonyooka. Kwa Kiswahili ni kama mtu mzima aandikiwe aseme "hii kuwa tamu". Neno lile lilikaa kwenye kuta, makopo na magari ya Ufaransa kwa miongo na miongo. Wazee wa hapa wanalijua kama wimbo wa utotoni.

Mwaka jana nilikwenda na mwanangu kwenye soko la vitu vya kale. Juu ya meza, katikati ya vijiko vya fedha na saa mbovu, lilikuwepo kopo la Banania. Njano yake imepauka, kutu imekula ukingo wa mfuniko, lakini sura bado inang'aa. Mwanangu ana miaka minane na kusoma anapenda. Akasoma kwa sauti. Halafu akaniuliza: "Mama, huyu ni mtu mzima. Kwa nini anaongea kama mtoto?"

MchoraPakiti, ulisema hujui kwa nini maneno yanakukaba. Nadhani mwanangu amekujibu.

#4 | Dalali_wa_Kariakoo

Dada BintiUvira, asante kwa simulizi. Ila nionavyo mimi, mwaka 1915 huenda waliona wanamsifu. Askari alikuwa shujaa wa vita, watu wanampenda, wanamweka kwenye kopo. Na inawezekana kweli ndivyo walivyokuwa wakiongea wale askari, Kifaransa hawakusoma.

#5 | BintiUvira, Lyon

Kaka yangu Dalali, hapo ndipo pabaya zaidi. Ni kweli hawakusoma Kifaransa. Lakini unajua ni nani aliyewafundisha kile kilichovunjika? Jeshi lenyewe. Mwaka 1916 kilichapishwa Paris kijitabu cha maofisa, kinachowaelekeza namna ya kuongea na askari hawa: vitenzi visinyambuliwe, maneno yakatwe, sentensi zibaki mifupa. Mtu aliyekuja na Kibambara chake, Kiwolofu chake, Kifula chake, lugha ambazo anashtaki, anaposa na kuzika kwazo, akapewa mifupa ya Kifaransa. Na mifupa ya namna hiyohiyo ikachapishwa kwenye kopo, Ufaransa nzima ikacheka: tazama, ndivyo anavyoongea.

Unaniambia walimsifu. Léopold Sédar Senghor, aliyekuja kuwa rais wa Senegal, alikuwa askari wa Ufaransa mwenyewe na akashikwa mateka na Wajerumani mwaka 1940. Mwaka huohuo, kabla ya kushikwa, aliandika shairi kwa ajili ya askari hao. Humo anaapa kwamba atavichana vicheko vya Banania kutoka kwenye kuta zote za Ufaransa. Shairi lilitoka kitabuni mwaka 1948. Miaka minne baadaye, 1952, Frantz Fanon, daktari kutoka Martinique, anaeleza siku alipooneshwa kidole na mtoto wa kizungu: tazama, mweusi! Anasema palepale ukamwangukia mzigo wa kila kilichowahi kusemwa juu ya watu weusi, ulaji watu, uchawi, meli za watumwa, na juu ya vyote yale maneno ya kwenye kopo. Mtu amesoma udaktari, anakiongea Kifaransa kama maji, lakini kopo limeshamtangulia kuongea kwa niaba yake.

Fikra ya namna hii wasomi wanaiita nadharia ya baada ya ukoloni. Mimi ni muuguzi, sikuisoma darasani. Ninavyoielewa ni kwamba ukoloni uliacha picha nyuma yake, na picha ile inaendelea kutoa amri hata baada ya bendera kushushwa.

Na kulipwa kwenyewe? Tarehe 1 Desemba 1944, kambini Thiaroye karibu na Dakar, askari hawahawa waliorudi kutoka kifungoni Ulaya walidai mishahara yao. Wakapigwa risasi na jeshi walilolipigania. Ni Novemba 2024 ndipo Ufaransa, kwa barua ya rais wake, ilipokuja kutamka kwamba yalikuwa mauaji ya halaiki. Miaka themanini. Muda wote huo askari wa kwenye kopo anacheka.

#6 | Kijana_wa_Mlimani

Nimesoma hili la 5 mara mbili. Asante dada. Kwa wanaotaka kujua maneno yale ya kwenye kopo yaliishia wapi: mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya Versailles iliamuru maneno yale yasiuzwe tena, baada ya shirika la kupinga ubaguzi kushtaki. Maneno ndiyo yaliyokatazwa. Sura haikukatazwa.

#7 | MjukuuWaNyeri, Kenya

Habari zenu ndugu wa Tanzania na Kongo. Hiki alichosema dada wa Uvira tulikuwa nacho hapahapa, tena kwa lugha yetu wenyewe.

Jeshi la KAR (King's African Rifles), la wakoloni wa Kiingereza, lilikuwa na Kiswahili chake, wataalamu wa lugha wanakiita KiKAR. Walowezi nao walikuwa na Kisetla. Ngeli hakuna, viambishi hakuna, ni "mimi taka", "wewe lete". Mwaka 1936 kikatoka kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, na jalada lilitaja waziwazi kilivyolengwa: mwanajeshi, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Sasa angalia kilichofuata. Mlowezi anakosea Kiswahili, lakini picha inayobaki kwenye michezo ya kuchekesha na hadithi zao ni ya mpishi Mwafrika anayeongea ovyo. Kosa ni la bwana, aibu anavishwa mtumishi.

Na mkiongea kahawa mnanigusa. Babu yangu mzaa mama alichuma kahawa ya mzungu. Kuchuma aliruhusiwa, kupanda yake mwenyewe hakuruhusiwa. Kenya ya walowezi ilimzuia Mwafrika kulima arabika. Milango ilianza kufunguliwa kidogo miaka ya 1930 kule Kisii, Meru na Embu. Kwetu Nyeri tulisubiri mpaka miaka ya 1950. Kwa hiyo nikiona pakiti ya "kahawa ya Kenya" yenye mgunga na machweo na mtu wa porini ambaye hana jina, najiuliza babu yangu yuko wapi hapo. Mikono yake ilichanwa na matawi ya kahawa, na kwenye pakiti hayupo.

#8 | Kijana_wa_Mlimani

Nyongeza kwa mzee wa Nyeri: Kilimanjaro ilikuwa tofauti, na hii inafanya picha ya Mmasai iwe uongo mara mbili. Wachaga walikuwa na chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na KNCU, ushirika wao mkuu, ikaandikishwa 1933. Walowezi walipinga sana. Yaani watu wa chini ya mlima ule ule anaotakiwa kuchora MchoraPakiti walikuwa na ushirika, na vitabu vya hesabu, karibu miaka mia iliyopita. Pakiti inawafuta, inaweka mkuki.

#9 | ShangaziColumbus, Ohio

Hamjambo wanangu. Mimi nina la Marekani.

Mkiniita Shangazi humu nafurahi, kwa sababu kwetu neno hilo linakupandisha. Mtoto akiniita kwa jina tupu mama yake atamkanya. Sasa nilipofika huku mwaka 2009 nikakuta supamaketi unga wa chapati za maji za huku, zile nene za asubuhi, kwenye boksi kuna mama mweusi na jina "Aunt Jemima". Kwenye rafu nyingine mchele wa "Uncle Ben's", mzee mweusi amevaa tai ndogo ya shingoni. Nikasema moyoni, kumbe na hawa wana adabu, wanawaita wazee shangazi na mjomba! Nikanunua vyote viwili.

Jirani yangu, mama mmoja mweusi wa hapa, mtu mzima sana, ndiye aliyenikalisha chini. Akaniambia kule Kusini mzungu hakutaka kumwita mtu mweusi Bwana wala Bibi, maana hayo yalikuwa majina ya heshima na heshima ilikuwa yao. Alipozeeka, wakamwita "aunt" au "uncle". Aliyeitwa hivyo alikuwa mtumishi wao, hakuwa ndugu wa mtu. Neno lilelile, huku linakupandisha, kule lilitumika kukunyima. Nilikaa kimya. Lile boksi lilikuwa juu ya meza katikati yetu.

Baadaye nikasoma. Unga ule ulianza 1889 huko St. Joseph, Missouri, na jina walilitoa kwenye wimbo wa maonyesho ya kuwaigiza weusi kwa kejeli. Mwaka 1893 kwenye maonyesho makubwa ya Chicago wakamweka mwanamke wa kweli, Nancy Green, aliyezaliwa mtumwa Kentucky, akapika mbele ya umati na kusimulia hadithi tamu za shamba la zamani alizoandikiwa. Na kauli yake ya tangazo ikawa "I'se in town, honey". Sikilizeni tena: kauli iliyovunjwa. Ni kama ya yule askari wa BintiUvira, ila hii imemtangulia kwa zaidi ya miaka ishirini.

Nancy Green alifariki 1923 kwa ajali ya gari Chicago. Sura ya mhusika wake iliendelea kuuza unga jikoni kwa watu karibu miaka mia. Kaburi lake halikuwa na jiwe mpaka 2020. Ni mwaka huohuo ndipo kampuni iliposema itaondoa jina na picha, na ule mchele nao ukaitwa Ben's Original.

Mimi nasema hivi, MchoraPakiti mwanangu. Siku mtakapochora mtu, kwanza ulizeni anaitwa nani. Akiwa hana jina, muogopeni huyo mchoro.

#10 | MtotoWaLongido

Nimesoma kimya tangu jana. Mimi ni Mmasai, na ni mwalimu wa Kiswahili sekondari. Nafundisha ngeli. Upatanisho wa kisarufi ni chakula changu cha kila siku.

Ndugu zangu, mmekwenda Ufaransa, Marekani, mpaka jeshini KAR. Hamjafika redioni kwenu.

Kuna tangazo la chakula lilikuwa linapigwa kila asubuhi, la bidhaa ya jikoni, sitalitaja. Mama anauliza swali kwa Kiswahili fasaha. Anajibu mlinzi, Mmasai, kwa sauti nzito, kila ngeli imevunjwa, kila "r" imeburutwa, mwisho anaguna kwa utamu wa chakula. Watu wanacheka, bidhaa inanunuliwa. Kipindi hicho nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, kijana wa kwetu, hodari kuliko wote kwenye insha. Siku moja nikamsimamisha asome insha yake mbele ya darasa. Kabla hajafungua mdomo mwenzake mmoja akaropoka, "Soma kama lile tangazo!" Darasa zima likaangua kicheko. Kijana akasoma. Alisoma vizuri bila kosa hata moja. Lakini alisoma taratibu mno, akilipima kila neno kabla ya kulitoa, kama mtu anayevuka mto na hajui kina. Muhula ule hakunyoosha mkono tena.

Ninawaomba mpime. Mfaransa alimvunjia lugha mtu wa Afrika Magharibi. Mzungu wa Missouri akamvunjia Nancy Green. Na sisi, kwa Kiswahili chetu, tunamvunjia nani? Mmasai, Mmakonde, Mhindi wa dukani, mfanyakazi wa ndani aliyetoka kijijini. Tunasema ni utani. Utani wa makabila una mwenzako anayekujibu palepale msibani au harusini, na wewe unanyamaza ukisubiri zamu yako. Redio hainipi zamu.

Kuhusu pakiti: Wamasai wa Kenya na Tanzania wameshaanza jitihada za kudai haki ya jina na sura yao inapouzwa na makampuni duniani. MchoraPakiti, mteja wako hakuniomba ruhusa. Angeniomba, ningemuuliza kwanza: hicho Kiingereza kibovu ni cha nani?

#11 | Dalali_wa_Kariakoo

Mwalimu, nimechelewa kujibu kwa sababu ilibidi nitafakari.

Nimeandika matangazo ya aina hiyo mawili. Si hilo ulilolisikia, lakini ni ndugu zake. Tulimchukua mwigizaji ambaye si Mmasai, tukamwambia akosee zaidi, akakosea zaidi, tukacheka studio nzima. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtoto atasimama darasani na sauti yangu shingoni mwake. Nakuomba radhi, na umfikishie kijana.

Swali langu bado lipo ila sasa naliuliza kwa nia nyingine. Sekunde mbili za rafuni ni za kweli. Mnunuzi wa Hamburg hajui Mbinga. Tukitoa Mmasai, tukatoa mlima, tunaweka nini ambacho kitamfanya anyooshe mkono? Maana pakiti isiponunuliwa, Mmatengo hatashukuru kwa heshima tuliyompa.

#12 | MwanaPemba

Assalaam alaykum. Swali la Dalali ni la haki, na sisi wa Zanzibar tuna la kuonya.

Nenda vibanda vya Darajani, tazama vipaketi vya viungo vya watalii. Mlango wa kuchongwa, jahazi, mwanamke wa buibui jicho moja linaonekana, maandishi ya "kisiwa cha viungo". Hakuna lugha iliyovunjwa hapo, picha ni nzuri, nasi wenyewe ndio tunaozichapisha. Hata hivyo karafuu imefichwa. Edward Said, msomi wa Kipalestina, aliandika mwaka 1978 namna Ulaya ilivyojichorea Mashariki ya ndoto, yenye harufu nzuri na pazia, isiyofanya kazi wala kubadilika. Kile kipaketi ni Mashariki hiyohiyo, imeshushwa bei.

Karafuu kwetu Pemba ni kazi. Mchumaji anapanda juu ya mkarafuu mrefu, anavuta matawi kwa kamba, mwingine ameanguka akavunjika kiuno. Analipwa kwa pishi. Jioni nyumba nzima inakaa chini kuchambua, karafuu huku, makonyo (vile vikonyo vyake) huku, vidole vinakuwa vyeusi na harufu haitoki hata ukioga mara mbili. Asubuhi inaanikwa juu ya majamvi, na wingu likitanda mbio! Makonyo nayo hayatupwi, yanakwenda kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta. Na ukirudi nyuma, mashamba ya mwanzo yalifunguliwa kwa jasho la watumwa mpaka utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Jicho la mwanamke wa buibui halisemi hayo.

Kwa hiyo kumwondoa Mmasai hakutoshi. Mkimtoa yeye mkaweka machweo matupu na jahazi, mtu aliyefanya kazi atakuwa ametoweka vilevile, safari hii kwa adabu.

#13 | WaLitembo

Sikutegemea kukuta Mbinga humu.

Mimi ni Mmatengo. Nyumbani kuna mibuni mia nane na kitu, ya baba, sasa mama ndiye anayeisimamia. Kama mnataka kitu cha kwetu ambacho hakifanani na cha mtu mwingine, simameni upande wa pili wa bonde asubuhi mtazame ngolo. Mlima mzima umechimbwa mashimo yaliyopangana kama sega la nyuki, nyasi zimefukiwa kwenye kuta za kila shimo, mvua inapiga na udongo haushuki. Wazee walibuni hilo kwenye miteremko ambayo mtu wa tambarare asingethubutu hata kusimama. Watafiti wanakuja kutoka mbali kujifunza. Tahadhari lakini: kahawa hailimwi ndani ya ngolo. Ngolo ni ya mahindi na maharage. Kahawa iko karibu na nyumba, na migomba. Mchoraji akiichora ndani ya mashimo, nitakuwa wa kwanza kuandika hapa.

Na kwa kaka Dalali: huyo mnunuzi wa Hamburg, ngolo atashangaa. Kushangaa kunatosha kunyoosha mkono. Kisha mpe la kusoma: jina la chama cha msingi, kijiji, mwinuko, msimu wa kuvuna. Wanunuzi wa kahawa nzuri wanasoma vitu hivyo, nimewaona wakija kijijini na daftari.

Ninalotaka zaidi ni lile la maneno mdomoni. Mmeniuma sana na hadithi zenu. Badala ya kumwandikia mtu maneno, kwa nini hakuna anayempigia simu mama yangu amuulize angependa kusema nini?

#14 | BintiUvira, Lyon

Mpigie wewe, mwana. Leo.

#15 | Dalali_wa_Kariakoo

Naunga mkono. Na MchoraPakiti, nitumie namba ya mteja faraghani. Nitaongea naye kama mfanyabiashara kwa mfanyabiashara, hiyo ndiyo lugha ninayoijua.

#16 | MchoraPakiti, Dar es Salaam

Wakuu, nimerudi.

Nimepeleka michoro miwili mipya. Wa kwanza: mteremko wa ngolo kwa mistari tu, kijani iliyoiva juu ya karatasi ya kahawia, na sehemu ya chini, penye nyumba, majani ya mgomba yanafunika tawi moja la kahawa mbivu. Hakuna mtu. Wa pili ni uleule, lakini nyuma ya pakiti kuna jina la kijiji, la chama cha msingi, mwinuko, na nafasi tupu ya mistari miwili niliyoandika "maneno ya mkulima, kwa lugha yake na jina lake".

Mteja alikaa siku tatu. Dalali aliongea naye, nashukuru sana kaka. Jana jioni akanipigia. Mmasai ametoka. Mkuki umetoka. Mlima anataka ubaki, kwa kiasi kidogo, kwa sababu anasema wanunuzi wake wa zamani wanatafuta neno Kilimanjaro. Nimemwambia kwenye kahawa ya Mbinga siwezi, akasema tutaonana Jumatatu. Hapo tulipofika ni hapo, sitaki kuwadanganya kwamba yote yamekwisha. Ile nafasi ya mistari miwili ameikubali. Itakuwa Kiswahili juu, na chini yake Kijerumani kilichonyooka.

WaLitembo, nakusubiri wewe tu.

#17 | WaLitembo

Nimeongea naye usiku huu. Kwanza aliuliza kama ni watu wa benki. Nikamweleza yote, mpaka habari ya yule askari wa kwenye kopo. Alinyamaza kwa muda, nikasikia anasogeza sufuria. Akauliza, "Huko wanainywaje?" Nikamwambia wengi wanatia maziwa na sukari. Akasema basi andika hivi, usiongeze neno:

"Onja kwanza kabla hujatia sukari."

#18 | MchoraPakiti, Dar es Salaam

Mwambie mama nimeiandika kama alivyosema. Naomba na jina lake lote, tahajia anayoitumia yeye.